Jan Smuts: Wakili, Mkulima na Ardhi ya Wengine

Wanaomtetea Jan Smuts, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, husema alikuwa mtu wa zama zake, asingeweza kuona ambacho wenzake hawakukiona. Hoja hiyo haisimami. Smuts aliona vizuri kuliko wengi, kwa kuwa aliijua sheria na aliijua ardhi, na maarifa hayo mawili ndiyo aliyoyatumia kuwafungia Waafrika milango.

Alizaliwa mwaka 1870 katika familia ya wakulima huko Riebeek West, Rasi. Alisomea sheria Cambridge akafaulu kwa daraja la juu kabisa, na mwaka 1898, akiwa na miaka 28, Rais Paul Kruger alimteua mwanasheria mkuu wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu. Baada ya vita vya Makaburu na Waingereza alinunua shamba la Doornkloof, Irene, karibu na Pretoria, akaishi humo katika nyumba ya mabati. Nyasi za nchi yake alizichunguza kwa bidii ya mtaalamu.

Mtu wa namna hiyo haambiwi shamba ni nini kwa anayelitegemea. Hata hivyo alikuwa waziri katika serikali ya Louis Botha iliyopitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1913, iliyowatengea Waafrika, waliokuwa sehemu kubwa ya wananchi, takriban asilimia 7 tu ya ardhi. Mwaka 1936, Smuts akiwa waziri wa sheria na naibu wa Waziri Mkuu Hertzog, sheria ya pili iliongeza sehemu hiyo hadi asilimia 13 hivi. Mwaka huohuo alipiga kura kuwaondoa Waafrika wa Rasi katika daftari la pamoja la wapiga kura. Hapa ndipo ninapomhukumu. Wakili anajua kwamba asiye na kura hana njia ya kuibadili sheria inayomnyima shamba. Wabunge 11 walipinga, na mmoja wao, Jan Hofmeyr, alikuwa waziri katika baraza lilelile. Miaka 20 kabla, mwandishi Sol Plaatje alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kizima kuhusu familia zilizotimuliwa mashambani na mifugo yao. Kwa hiyo zama hizo zilikuwa na sauti nyingine, na Smuts alizisikia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliongoza majeshi yaliyomfukuza kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck kutoka Moshi hadi Morogoro. Katika vita hivyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi.

Mwaka 1945, huko San Francisco, alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaja haki za binadamu. Mwaka uliofuata umoja huo ulimkatalia ombi la kuimeza Afrika Kusini Magharibi, Namibia ya leo. Mwaka 1948 chama cha D. F. Malan kilimshinda, kikaurithi msingi wa kisheria wa ubaguzi wa rangi uliokwisha kuwekwa. Sheria za ardhi za 1913 na 1936 zilifutwa mwaka 1991, miaka 41 baada ya Smuts kufia Doornkloof.