Ramani kuukuu za Taita Taveta zina mengi kuliko mpaka

Kila mgogoro wa mpaka unapozuka upya, iwe ni na Kwale kuhusu Mackinnon Road au na Makueni kuhusu Mtito Andei, viongozi wa Taita Taveta hukumbuka ramani za zamani. Hufunuliwa, mstari wa wilaya ukafuatwa kwa kidole, maneno makali yakatoka, kisha zikakunjwa tena. Inasikitisha kwamba kidole hicho hakiingii ndani. Hapo Mackinnon Road penyewe, Waingereza walianza mwaka 1947 kujenga ghala kubwa la kijeshi la kupokea shehena zao kutoka Misri na Palestina, wakaliacha baada ya miaka michache, na wakati wa vita vya Mau Mau pakageuzwa kambi ya kuwafungia Wakenya. Sijui ni wangapi kati ya wanaopagombea huitaja kambi hiyo.

Ramani ninazozungumzia ni za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Karatasi moja hubeba eneo la karibu kilomita 27 kwa 27. Kazi ya kuzichora ilishika kasi baada ya Uingereza kuunda idara ya upimaji wa makoloni mwaka 1946. Ndege zilipiga picha zinazopandana, mafundi wakazitazama mbili mbili kwa lenzi mpaka vilima vikainuka mbele ya macho yao, wakachora kontua. Idara ya upimaji ya Kenya, ambayo leo iko Ruaraka, Nairobi, iliirithi kazi hiyo.

Miaka 30 kabla ya mwaka huo wa 1946, kukosa ramani za namna hiyo kuliwagharimu watu maisha yao. Magharibi ya kaunti, kati ya Mbuyuni na Taveta, kuna kilima kiitwacho Salaita. Kwenye ramani ni duara chache za kontua zilizobanana, na pande zote karatasi ni tupu: tambarare. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na kilima hiki kikawa mlango wao. Tarehe 12 Februari 1916, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson alipeleka takribani wanajeshi 6,000 kukitwaa. Wengi wao walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliofika karibuni, wasioijua nyika hii wala miiba yake.

Malleson aliamini kwamba adui hafiki 300. Walikuwa karibu 1,300. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, mahali palipoonekana mahandaki, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini walipokaribia, risasi ziliwapokea kutoka usawa wa ardhi. Askari wa upande wa Wajerumani walipotoka na kuwashambulia, safu za vijana hao zilivunjika wakarudi mbio. Walionusuru siku hiyo ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao wenzao weupe walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, aliyekuwa ameshika uongozi, aliacha kukigonga kilima kwa mbele. Alipitisha jeshi kaskazini, upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaondoka Salaita bila kupigana. Ukiwa na ramani mkononi, njia aliyoipita Smuts unaiona mara moja. Sitaki kumdhihaki Malleson. Nasema tu kwamba askari walikufa kwa sababu aliyewaamuru hakujua kilichokuwa chini ya kile kilima.

Reli ya Taveta nayo ni mtoto wa vita hivyo. Ilianza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915 kupeleka askari na shehena, ikapita Mwatate, Bura na Maktau, na mwaka 1916 ikaungana na reli ya Tanga na Moshi pale Kahe. Maji ya jeshi yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Leo treni haipiti tena, wasafiri wanapita kwenye lami, lakini kwenye ramani mstari mweusi bado umenyooka hadi Taveta. Ukiufuata utafika kwenye makaburi ya vita ya Maktau na ya Taveta. Wapagazi wetu wa Kariakoo, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi, waliobeba vita hivyo vichwani, wengi wao hawana hata jiwe.

Sasa chukua karatasi nambari 189/4, ya Milima ya Taita. Kontua zinasongamana panapoporomoka kutoka Vuria, kilele cha mita 2,208. Hapa nawategemea watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo Wundanyi. Walilinganisha picha za ndege za mwaka 1955 na za mwaka 2004, wakakuta msitu wa asili umepotea kwa nusu, hekta 260 hivi. Jumla ya misitu ilipungua kwa asilimia 2 tu, kwa kuwa mikaratusi, misonobari na misaiprasi ilipandwa. Kwa mbali mlima ni wa kijani kama zamani, ila miti iliyopo si ile iliyokuwapo.

Kati ya vipande vilivyobaki vimo fighi, misitu ya matambiko ambayo Wataita waliitunza kwa miiko kabla ya idara yoyote ya misitu. Mpimaji wa kikoloni aliona msitu tu. Vivyo hivyo Tsavo ilipotangazwa hifadhi mwaka 1948, nyika ambamo watu waliwinda na kuchunga ikabaki kwenye karatasi kama vichaka vitupu.

Wazee wanaozijua fighi kwa majina wanaendelea kutuacha. Kabla ya kikao kingine cha mpaka, serikali ya kaunti inapaswa kuwapandisha vijana Mwanda, Wesu na Mbololo na karatasi ya 189/4 mkononi, wakae na wazee hao, na jina la kila fighi liandikwe mahali pake.