Cheo cha Nguo

Lembeni, katika chumba kimoja cha kupanga ambamo kitanda ndicho meza ya kukatia, nalimwona binti akitandika karatasi ya mfuko wa saruji juu ya kitenge na kuizungushia chaki, kwa kuwa vipimo vile alivibuni mwenyewe, bila kumwendea fundi yeyote. Nikamwuliza jina la karatasi ile. Akasema ni karatasi tu. Kigezo na kiolezo tunavyo, walakini neno linalonipendeza zaidi ni *cheo*, ambalo kamusi ya Johnson ya 1939 yalieleza kuwa kipimo cha kitu kabla ya daraja ya mtu. Leo, ajabu, aghalabu twalisikia maofisini. Mafundi cherehani, lirudisheni kwenye nguo.