Makerere na Jirani Yake Kasubi

Ukisimama Kasubi, karibu na lango la makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, ukageuza uso mashariki, kilima unachokiona ni Makerere. Kati ya vilima hivyo viwili hakuna mengi: barabara ya Hoima, soko la Nakulabye, na mtaa wa Kikoni wenye hosteli zilizobanana hadi ukutani mwa chuo. Historia ya Chuo Kikuu cha Makerere mara nyingi husimuliwa kuanzia London, kwa tume za wakoloni na magavana wao. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi ikianzia huku Kasubi, kwa sababu ardhi iliyokikuza chuo ilikuwa ya Waganda wa Buganda, na aliyelipa bei yake kwa damu alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1922, Kabaka Daudi Chwa II akiwa kwenye kiti cha enzi, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi kilimani Makerere. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14. Walikuja asubuhi na kurudi makwao jioni, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwaka huohuo shule ikaitwa Makerere College, na punde yakaongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu. Lengo la watawala halikuwa kubwa: walitaka wasaidizi wa kazi zao. Daudi Chwa alifariki mwaka 1939 akazikwa Kasubi, kando ya babu yake Mutesa I na baba yake Mwanga II. Mwanawe, Mutesa II, ambaye naye amelala Kasubi, alisoma Makerere kabla ya kwenda Cambridge. Kwa hiyo, kati ya wafalme wanne waliozikwa hapo, mmoja alikiona chuo kikizaliwa na mwingine alikaa madarasani mwake.

Kwa miaka mingi Makerere kilikuwa chuo kidogo ambamo karibu kila mtu alimjua mwenzake. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na Earl De La Warr ilipendekeza kikuzwe kiwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima. Pendekezo hilo liliwaleta vijana zaidi wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar kula meza moja na vijana wa Uganda. Julius Nyerere alifika 1943, akaondoka 1945 na diploma ya ualimu. Mwai Kibaki alifuata baadaye, akasoma uchumi, akarudi kufundisha. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza hapohapo. Marais watatu wa nchi jirani walipitia kilima kimoja, na hapo sijamtaja Milton Obote wa Uganda yenyewe.

Lakini chuo cha nchi nne kilihitaji ardhi, na katika Buganda ya wakati ule neno ardhi liliwasha moto. Watu walikuwa wameona kilichowapata Wakikuyu ng'ambo ya mpaka, mashamba yao yalipogeuka ya walowezi. Kila ekari iliyoombwa na serikali ilishukiwa, hata ikiwa ni ya shule. Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliamini kwamba chuo kitawafaa wajukuu wa walewale waliokuwa wakipinga. Aliisimamia sheria ya kuiruhusu serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, upanuzi wa Makerere ukiwamo, na Lukiiko, baraza la ufalme, likaipitisha. Siku iliyofuata, Septemba 5, 1945, Nsibirwa alikwenda kusali asubuhi katika kanisa kuu la Namirembe. Alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa, akafa.

Sijui chuo kingine cha Afrika Mashariki ambacho waziri mkuu wa ufalme aliuawa kwa ajili ya uwanja wake. Leo lipo bweni lenye jina lake. Zamani liliitwa Northcote. Wapo wengi waliolala humo miaka mitatu, wakaimba jina la Nsibirwa kwenye kampeni za uchaguzi wa wanafunzi, wakahitimu bila kuelezwa mwenye jina alikufaje. Hilo linaniuma.

Mwaka uleule wa 1945 chuo kilipokea wanawake wake wa kwanza, sita tu. Sarah Nyendwoha, aliyejulikana baadaye kama Sarah Ntiro, alianzia Makerere, akaendelea hadi Oxford, akahitimu 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Bweni la wanawake, Mary Stuart, likaja kuwa maarufu kuliko mabweni mengi ya wanaume.

Mwaka 1949 Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wakaanza kusomea shahada za kule. Maisha yalipambwa kwa desturi za Kiingereza, majoho mekundu yakiwamo. Hayo hayakuwafanya wanafunzi kuwa wapole. Mwaka 1952 waligoma kwa sababu ya chakula kibovu, na baadhi yao wakafukuzwa. Mmoja wao alikuwa Josephat Karanja, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Kenya.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuukumbuka mwaka huo wa 1952. Ile Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, baada ya kukaa Dar es Salaam na kisha Nairobi, ilihamia Makerere. Kwa takriban miaka kumi shughuli za kutunza Kiswahili sanifu, pamoja na jarida ambalo leo tunaliita Kiswahili, ziliendeshwa Kampala, katika mji ambao watu hupenda kuusema kuwa haukitaki Kiswahili. Baadaye kamati ilihamishiwa Mombasa, na mwaka 1964 ikawa taasisi huko Dar es Salaam. Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliporidhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wengi walisema lugha imeingia nchini kama mgeni. Si kweli. Iliwahi kuwa na ofisi kilimani Makerere.

Juni 1962 chuo kiliwakaribisha waandishi wa Afrika katika mkutano ambao fasihi bado inauzungumzia: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi wa hapohapo, Ngũgĩ wa Thiong'o. Ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyewahi kuwa mjumbe wa ile kamati ya Kiswahili, hakuwa na kiti katika ukumbi ule, na mwezi huohuo alifariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulikosoa jambo hilo miaka mingi baadaye, na alikuwa na haki.

Juni 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Sheria ilisomwa Dar, uhandisi Nairobi, utabibu na kilimo Makerere. Yusuf Lule alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Makerere, na Ali Mazrui wa Mombasa alizijaza kumbi zake kwa mihadhara ya siasa. Muungano ulidumu miaka saba. Julai 1970 kila nchi ilichukua chake, na Frank Kalimuzo akawa makamu mkuu wa chuo.

Mwaka uliofuata Idi Amin alitwaa serikali. Oktoba 1972 Kalimuzo alichukuliwa na watu wa dola, na hakuonekana tena. Walimu wengi wakakimbia, Mazrui miongoni mwao. Chuo kilibaki kikifundisha, kikiwa na vitabu vichache na hofu nyingi, na waliofundisha miaka ile bila mshahara wa maana wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Mageuzi makubwa zaidi ya maisha ya kila siku yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, chuo kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengine wakisoma jioni. Idadi ikapanda kutoka maelfu machache hadi zaidi ya 30,000, na mabweni hayakutosha hata kidogo. Hapo ndipo chuo kiliposhuka kilimani na kuingia mitaani. Kikoni na Nakulabye zikajaa hosteli, na vyumba vya kupanga vikasogea hadi Kasubi, ambako kodi ni nafuu na boda boda hupita usiku kucha.

Pita Kikoni saa moja asubuhi uone. Muuza rolex ameshawasha jiko la mkaa. Anapiga mayai mawili na kabichi na nyanya zilizokatwa ndogondogo, anamwaga kwenye chuma, anafunika kwa chapati, anageuza, anakunja, anakukabidhi ndani ya karatasi. Anawajua wateja wake kwa kozi wanazosoma, na anajua nani atalipa Ijumaa. Mlango wa pili mashine ya fotokopi haipumziki, na msimu wa tasnifu foleni huenda hadi barabarani, kila mtu na kurasa zake za kujalidi. Mahafali yakifika, mtaa mzima huvaa: akina mama kwa gomesi, akina baba kwa kanzu na koti, wakipanda kilima kwa miguu hadi uwanja wa Freedom Square.

Vilima hivi viwili vimepatwa pia na msiba wa aina moja. Usiku wa Machi 16, 2010, Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya nyasi iliyojengwa 1882 na kufunika makaburi ya Kasubi, iliteketea. Miaka kumi baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, moto ulikula Jengo Kuu la Makerere. Kasubi, waezekaji wa ukoo wa Ngeye walirudi kwenye kazi ya mababu zao, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa sehemu hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Makerere, jengo lilirudishwa kwa sura ileile na kufunguliwa 2024. Pande zote mbili watu walikataa kujengewa kitu kingine.

Ombi langu kwa Makerere ni hili. Kila mwaka, katika wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, msiishie kuwaonyesha maktaba na ofisi ya ada. Watoeni nje ya lango. Wapelekeni Namirembe wasimuliwe habari za Nsibirwa pale mlangoni alipoangukia, kisha Kasubi wakawaamkie wenyeji wao. Ni safari ya mchana mmoja. Na wale wanaotoka Kenya, Tanzania na Kongo wasimuliwe kwa Kiswahili.