Kitita cha Bima Kinamtambua Nani?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: "Daktari, Argentina kwa sheria ya mwaka 2012 iliingiza matibabu ya kubadili jinsia katika mafao ya lazima ya bima. Mbona kwetu mchimbaji mdogo wa Geita hana hata kadi?" Wenzake walicheka. Sikucheka, kwa maana lilikuwa swali la historia: nani huamua mgonjwa wa kubebwa na mfuko wa pamoja?

Kwetu, uchangiaji wa gharama uliingia katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga, jirani na Shinyanga. Sheria ya 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma, ambao makato yao hupatikana kabla mshahara haujafika mkononi. Mwenye mshahara alitangulia. Mwenye sururu akasubiri.

Huyo wa sururu ndiye anayeshuka duarani, anayevuta vumbi la makarasha na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamhesabu naye. Lakini kuhesabiwa si kutibiwa: kipato chake hakina tarehe, na mchango una tarehe.

Kitita cha mafao ni waraka wa kisiasa. Asiyekuwa na msemaji haandikwi humo, awe mchimbaji au yule ambaye jamii huona haya kumtaja.