Kinachotangulia Wali: Tambuu, Sambusa na Adabu ya Karamu

Lugha yetu ina kifungua kinywa, lakini hicho ni chakula cha asubuhi. Ina vitafunwa, ambavyo wengine huviita vitafunio, lakini hivyo ni chochote cha kutafuna, hata mhogo wa chai. Kile anachopewa mgeni karamuni kabla ya chakula chenyewe hakina jina lake peke yake, na wako wanaouona huo kuwa upungufu wa Kiswahili. Historia ya karamu za Bahari ya Hindi yaonyesha vingine. Katika karamu ya pwani yetu iliyoandikwa zamani kwa tafsili, kilichotangulia hakikuwa sehemu ya mlo. Kilikuwa sehemu ya maamkizi.

Tuanzie Baghdad, mji uliotungia mashairi hata sinia la achari. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefika pwani ya Wazanji na kurejea Omani kutoka kisiwa cha Kanbalu yapata mwaka 916, ametuachia habari za karamu ya Khalifa al-Mustakfi, aliyetawala kati ya 944 na 946. Wageni walisoma mashairi ya vyakula. La kwanza, la Ibn al-Mutazz, lilisifu sinia la viungo vikali vya kuamsha hamu. Khalifa akaamuru sinia hilo liletwe kama lilivyosifiwa. Likasomwa pia shairi la Ishaq al-Mawsili, mwimbaji aliyefariki mwaka 850, lililoeleza namna ya kuandaa sambusa: nyama na mafuta yake, kitunguu, giligilani, mdalasini, tangawizi na pilipili, vikafungwa ndani ya unga na kukaangwa. Huko, basi, shairi ndilo lililopanga sinia, na mpishi akalifuata.

Tuvuke sasa hadi Mogadishu, mwaka 1331. Ibn Battuta aliposhuka pale alipokewa na kadhi, na kabla ya chakula sheikh wa mji akampelekea sinia la tambuu na popoo. Mgeni alipewa majani kumi na popoo kidogo, kadhi akapewa kadiri ile ile, na yaliyobaki wakagawiwa wenzake na wanafunzi wa kadhi. Kisha wakamiminiwa marashi ya waridi ya Dameski. Baadaye ndipo ulipoletwa wali wa samli katika sahani kubwa ya mti, wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pamoja nao zililetwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya malimau, pilipili, tangawizi na maembe. Achari hiyo, ambayo kazi yake ni kuamsha hamu, haikutangulia. Ililiwa katikati, tonge la wali likifuatwa na kionjo cha ukali.

Miaka michache baadaye msafiri huyo huyo alikuwa njiani kutoka Multan kwenda Delhi. Anasimulia kwamba huko vinywaji vya sukari vilitangulia, ikafuata mikate na nyama, kisha sambusa, nne au tano mbele ya kila mtu, ndipo wali wa samli na kuku. Baada ya wali kililetwa kitamu kiitwacho luqaymat al-qadi, yaani vitonge vidogo vya kadhi. Ndilo neno tulilonalo katika kaimati. Tambuu huko ilikuja mwisho, na baada yake watu waliinuka kwenda zao.

Tazama tofauti. Jani lile lile, ambalo jina lake latoka katika tambula ya Kisanskriti, lilimkaribisha mgeni Mogadishu na kumwaga India. Nafasi yake katika mpango wa karamu ndiyo iliyolipa maana.

Leo sambusa na kaimati zimebaki nasi, na mrashi bado hupitishwa maulidini. Sinia la tambuu limeadimika karamuni, na mwenye shughuli huanza kwa hesabu: sambusa ngapi kwa kila kichwa? Hesabu si kosa. Hata wenyeji wa Ibn Battuta walihesabu majani. Lakini hesabu ya Mogadishu ilikuwa kauli: kumpa mgeni sawa na kadhi ni kumwambia cheo chake bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo tukitafuta jina la kitangulizi cha karamu, tusikimbilie "kiamsha hamu", linalotanguliza tumbo. Napendekeza "kikaribisho". Neno hilo lingemkumbusha anayepanga shughuli kwamba swali la kwanza ni nani anayeingia mlangoni, na kwamba wa mwisho kufika naye anastahili kukuta kitu sinia likiwa bado limejaa heshima.