Yoga ya kulala chini ilitoka wapi?

Wadau, kimya changu cha wiki mbili kina sababu: mgongo. Kazi yetu hii ya kukodolea kompyuta macho hadi usiku wa manane ina gharama zake. Rafiki yangu akanikokota hadi darasa la yoga. Nilijiandaa kutoka jasho, kumbe ni kulalia mto, mguu umekunjwa, dakika tano nzima bila kutikisika! Yoga ya yini, akasema mwalimu, mazoezi ya maelfu ya miaka.

Mimi na umbea wangu wa kihabari, nikarudi nyumbani kuchimba. Jamani, tarehe zinasema vingine.

Miaka ya 1930 huko Mysore, India, Krishnamacharya alifundisha yoga kwenye kasri la mfalme. Mwanafunzi wake mmoja, Pattabhi Jois, ndiye aliyeueneza mtindo wa Ashtanga: mkao juu ya mkao, pumzi zinahesabiwa, jasho linatiririka. Mwaka 1975 Jois alifika California, na kufikia miaka ya 1990 mitindo ya namna hiyo ilishajaza kumbi za Marekani.

Sasa ndipo anaingia Paulie Zink, Mmarekani, bingwa wa kungfu, aliyekuwa akifundisha yoga ya Kitao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Paul Grilley alimwona kwenye televisheni, akamtafuta, akawa mwanafunzi wake. Yoga ya Zink haikuwa ya kulala tu; ilikuwa pia na miondoko ya nguvu ya kuiga wanyama. Grilley alichukua ile sehemu ya kutulia sakafuni, akaiunganisha na anatomia na mafundisho ya Mjapani Hiroshi Motoyama kuhusu njia za nishati mwilini (njia ambazo, tuseme ukweli, anatomia haijazionyesha). Jina la yini lilipendekezwa na Sarah Powers, aliyejifunza kwa Grilley. Kitabu cha Grilley kikatoka 2002.

Hoja yake ni hii: misuli hufaidi mwendo, lakini kano na tishu zinazoshikilia nyonga na kiuno zinahitaji mvuto mdogo wa muda mrefu, misuli ikiwa imelegea. Hakusema watu waache Ashtanga. Yini bila yangi ni nusu ya mambo.

Kutulia kwenyewe ni kwa kale, sibishi. Patanjali aliutaka mkao uwe imara na wa starehe. Ila darasa hili nililolipia ni dogo kuliko wazazi wangu, na hilo halinisumbui. Kinachonikera ni huo ubani wa ukale unaofukizwa mpaka Zink haonekani, wakati yuko hai kwenye kumbukumbu za watu aliowafundisha.

Juzi nilimwuliza mwalimu kama anamjua. Akacheka. "Nyamaza kwanza, kaka, bado dakika tatu."