Ile Ndizi Uliyonunua Kiganjo Si Plantain

Wasee, tuongee ukweli. Tangu video za Wanaijeria wakikaanga plantain zijae kwa simu zetu, kila mtu hapa Kiganjo amekuwa mpishi. Hata mimi. Nilienda soko, nikanunua ndizi za kupika, nikangoja ziive, nikazitupa kwa mafuta. Zikavurugika kama uji. Mama aliyeniuzia alicheka tu: "Si hizo ni za kuchemsha na viazi!"

Alikuwa sahihi, na historia iko upande wake.

Jina plantain lenyewe lina vurugu ya kitambo. Waingereza waliita hivyo gugu la kando ya njia, lenye majani yaliyolala chini. Jina lilitoka kwa neno la Kilatini la wayo wa mguu. Baadaye wakachukua plátano ya Kihispania, wakaipinda mpaka ikafanana na jina la gugu. Mimea miwili isiyo na undugu, jina moja!

Halafu mwaka 1955 Simmonds na Shepherd wakaeleza kuwa ndizi nyingi tunazokula zimetoka kwa mababu wawili wa porini, wakawapa herufi A na B. Plantain halisi ni AAB. Imejaa Afrika Magharibi na Kongo, na Waswahili wana yao, mkono wa tembo. Matoke ni AAA. Na Muraru, ndizi ya zamani ya huku Mlima Kenya, ni AA, ndugu ya mchare ya Kilimanjaro. Kwa hivyo ndizi ya kupika si lazima iwe plantain.

Na usidhani kupika ndizi tumefunzwa na TikTok. Ibn Battuta alipopita pwani mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu walipika ndizi mbichi kwa maziwa, na Mombasa watu waliishi kwa ndizi na samaki. Huku kwetu, shosho zetu walikuwa na jina la kila mkungu: Muraru, Mutahato, na mengine mengi.

Sasa hapa ndipo nina shida. Ugonjwa wa mnyauko ulipiga migomba mingi ya zamani. Kutoka miaka ya 1990 ikaja miche ya maabara, mingi ikiwa ya jamii ya Cavendish. Sina ubaya nayo, imeokoa wakulima. Lakini Cavendish ina soko na ina jina. Muraru imebaki na jina tu, na hilo jina liko mdomoni mwa wazee. Cha kuchekesha ni kwamba wanasayansi wamefuatilia ukoo wa Cavendish wakapata damu ya jamaa za mchare ndani yake. Yaani ile ndizi ya supermarket inayofukuza ya shosho ni mtu wa ukoo wake!

Tukiita kila ndizi ya kupika plantain, siku Muraru ya mwisho itakatwa hakuna mtu atajua kitu kimepotea. Huwezi kutafuta kitu usichojua jina.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ushago, zunguka shambani na shosho. Kwa kila mgomba uliza, "Huu unaitwaje?" Andika. Kisha omba mche mmoja, upande.

Plantain kula, ni tamu. Lakini usimbatize Muraru jina la mtu mwingine.